Kabla ya kusema "ule ni mvivu": ugonjwa wa usingizi, stresi na huzuni kwenye mto wetu



Huku kwetu, kijana akimaliza lisansi, akarudi kijijini, halafu akaanza kulala mchana, hataki kula, hataki kuonana na watu, atasikia moja kati ya maneno matatu. La kwanza: "Ule ni mvivu, masomo yalimuharibu." La pili: "Iko na mawazo mingi." La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: "Balimuroga." Ni maneno ya kila siku hapa Yahuma, kule Isangi na Basoko, hata Kisangani mjini. Mimi ni mtu wa udongo na mimea, si daktari. Lakini nimesoma historia ya ugonjwa mmoja wa mto wetu, na nimeona kwamba maneno ya namna hiyo si mapya. Wazungu wenye elimu kubwa waliyasema juu ya babu zetu kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja. Namna walivyokosea, na namna sayansi ilivyorudi baadaye kuokota kitu ilichokuwa imetupa, njo nataka tuzungumze leo.

Ugonjwa wenyewe ni ugonjwa wa usingizi, kwa Lingala maladi ya mpongi. Mnaujua: unaletwa na nzi tsetse, yule mbung'o anayependa kivuli cha miti kando ya vijito, pale watu wanapochota maji, wanapoloweka mihogo na kufunga mitumbwi. Mwanzoni mtu anapata homa inayokuja na kurudi, tezi za shingo zinavimba, kichwa kinauma. Baada ya miezi, mara nyingine miaka, ugonjwa unafika kwenye ubongo. Hapo mtu anageuka. Aliyekuwa mchangamfu ananyamaza, aliyekuwa mpole anakasirika bure, analala mchana na kukesha usiku, hajali tena shamba wala watoto. Wengi wamechukuliwa kuwa wenda wazimu kabla mtu yeyote hajafikiri kuwapima damu.

Madaktari wa Ulaya waliuona kwanza kwenye pwani ya Afrika ya Magharibi, wakati wa biashara ya watumwa. John Atkins, daktari wa meli za Uingereza, aliuandika mwaka 1734. Thomas Winterbottom, aliyekaa Sierra Leone, aliandika mwaka 1803 juu ya zile tezi za shingo. Wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wanazijua tayari: mtu mwenye tezi hizo hawakumnunua. Sasa, juu ya nini mtu analala mpaka kufa? Majibu yalikuwa mengi. Wengine walisema ni pombe ya ngazi au bangi. Wengine walisema ni chakula kibaya. Wengine walisema ni uvivu wa asili wa mtu mweusi. Na wengine walisema ni huzuni: mtu ametolewa kwao, amefungwa minyororo, anakufa kwa kuikumbuka nchi yake.

Tazameni jibu hilo la mwisho. Wale waliomfunga mtu minyororo waliona kwamba huzuni inaweza kuua mwili, halafu wakaendelea na biashara. Lakini ndani ya jibu lile kulikuwa na wazo moja, kwamba moyo na mwili vinazungumza. Wazo hilo litatoweka kwa muda mrefu kabla ya kurudi.

Kwetu ugonjwa ulipanda sana wakati wa Etat ya Leopold, kati ya 1885 na 1908, na miaka iliyofuata. Ulikuwa wakati wa kauchu. Watu walikimbia vijiji, walilala msituni, wapagazi na askari walitembezwa mbali, mashamba yaliachwa. Upande wa Uganda, kwenye Busoga na visiwa vya ziwa Victoria, ugonjwa uliua watu zaidi ya 200,000 katika miaka michache kuanzia 1900 hivi. Mwanahistoria Maryinez Lyons, aliyechunguza kaskazini ya nchi yetu kwenye eneo la Uele, ameonyesha kwamba ugonjwa huu haukuwa tu bahati mbaya ya msitu. Mbung'o alikuwako tangu zamani, na watu walikuwa wanajua namna ya kuishi karibu naye. Ukoloni ulivunja namna hiyo: ulihamisha watu, ulileta njaa, ulichosha miili.

Halafu ikaja hadubini. Mwaka 1901 Joseph Dutton aliona kimelea kwenye damu ya mgonjwa kule Gambia. Mwaka 1903 Aldo Castellani alitangaza kwamba alikiona kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa Entebbe, na David Bruce akaonyesha kazi ya mbung'o. Dutton mwenyewe alitumwa kwetu na shule ya tiba ya Liverpool, akapanda mto mpaka Stanleyville, yaani Kisangani yetu, akaendelea mpaka Kasongo, akafia pale Februari 1905, akiwa bado kijana. Umri wetu sisi.

Ugunduzi ule ulikuwa ushindi mkubwa. Anayelala si mvivu, hakulewa, hakurogwa: iko na trypanosoma. Lakini pamoja na matusi ya uvivu, madaktari walitupa pia swali la huzuni. Kama kimelea kipo, huzuni ya nini tena? Swali likafungwa: mwili ni mwili, moyo ni kazi ya padri.

Ila kimelea chenyewe kilikuwa kinafundisha kitu kingine. Trypanosoma imevaa koti la protini. Kinga ya mwili inatengeneza silaha za kupiga koti lile, wengi wanakufa, lakini wachache wamekwisha kubadilisha koti. Wanazaana, kinga inaanza upya, wanabadilisha tena. Njo maana homa inakuja na kurudi. Vita hiyo haimaliziki, na kinga inabaki imewaka moto miezi na miaka. Sehemu kubwa ya kile tunachokiona kwa mgonjwa, uchovu, kukosa hamu, usingizi uliopinduka, hakitoki kwa mdudu peke yake. Kinatoka pia kwa askari wa mwili wenyewe waliofuata adui mpaka ndani ya ubongo.

Kwa sisi wa agronomi jambo hili si geni. Mmea ukiliwa majani na viwavi, unatoa homoni za kujikinga, na ukuaji unapungua. Hauwezi kujenga ghala na kupigana vita kwa sukari ile ile. Ukiona mahindi yamedumaa, hautukani mahindi. Unageuza jani, unatafuta mdudu, unachimba kuona mizizi, unauliza mvua ilinyesha lini. Juu ya nini kwa mtu tunakuwa wepesi wa kutukana?

Turudi kwenye mto. Mwaka 1920 daktari Mwingereza Clement Chesterman alifika Yakusu, misioni ya Wabatisti chini kidogo ya Kisangani. Alijenga hospitali, alifundisha manesi wenyeji, akapanga dispansari kwenye vijiji vya kando ya mto. Alitumia dawa mpya, tryparsamide, iliyotengenezwa Marekani kwenye Taasisi ya Rockefeller na kujaribiwa Léopoldville na Louise Pearce, daktari mwanamke, mwaka 1920 na 1921. Dawa ile ilikuwa na aseniki. Iliweza kufika kwenye ubongo, iliokoa watu wengi, na wengine iliwaharibu macho. Mtu aliyekuwa amelala kama maiti aliamka, akarudi kulima. Familia iliyosema "balimuroga" iliona kwa macho yake kwamba tabia ya mtu, huzuni yake na hasira yake, vinaweza kurudi sawa kwa sindano.

Lakini kampeni za serikali zilikuja na uzito wake. Watu walipangwa mstari, wakapapaswa shingo, wakachomwa sindano ya mgongo. Kusafiri kulitaka pasipoti ya kiganga. Na yote hayo yalikuwa juu ya mizigo mingine. Tangu mkataba wa 1911 kampuni ya Lever ilikuwa imepewa maduara matano ya mawese, kila moja la kilomita 60 kutoka katikati mpaka ukingo, moja likiwa la Barumbu, hapa kwetu. Mashamba ya Elisabetha, leo Lokutu, yanagusa teritware za Basoko, Isangi na Yahuma. Mwaka 1917 serikali iliweka kilimo cha lazima, mpaka siku 60 kwa mwaka kwa kila mkulima. Sisi tunaosoma kilimo tusisahau: agronomi ilifika kwa babu zetu ikiwa na fimbo. Mwili mmoja ulibeba mbung'o, njaa, kodi na woga. Daktari aliandika kwenye fishi: trypanosoma. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kipande tu cha kweli.

Kile kipande kingine kilirudi kupitia panya. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti wa Montréal, alitoa barua fupi kwenye jarida Nature. Alikuwa ametesa panya kwa njia mbalimbali: baridi, majeraha, kazi nyingi ya misuli, sumu. Mateso yalikuwa tofauti, lakini alipowapasua aliona alama zile zile. Tezi za juu ya figo zimevimba, tumbo lina vidonda, na tezi zinazolea askari wa kinga zimenywea. Jambo hilo baadaye aliliita stresi, neno ambalo leo kila mwanafunzi wa Kisangani analo mdomoni wakati wa sesheni. Kwa mara ya kwanza mtu alionyesha kwa vipimo kwamba taabu, bila mdudu yeyote, inafika mpaka kwenye kinga.

Mwaka 1975, kwenye Chuo Kikuu cha Rochester, Robert Ader na Nicholas Cohen waliwapa panya maji matamu ya sakarini pamoja na dawa inayoshusha kinga. Baadaye, maji matamu pamoja na kumbukumbu ya dawa ile yalitosha kushusha kinga. Ubongo ulikuwa umejifunza kuamuru askari. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti wao: watu 394 wenye afya walitiwa virusi vya mafua puani, na wale wenye stresi nyingi waliambukizwa zaidi. Mwaka 1998 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walichukua wanafunzi 11 wa meno, wakawatia kidonda kidogo ndani ya kinywa, mara moja wakati wa likizo, mara moja siku tatu kabla ya mtihani. Wakati wa mtihani kidonda kilichelewa kupona kwa asilimia 40. Mwanafunzi yule yule, kidonda kile kile. Kilichobadilika ni kalenda ya mtihani.

Hiyo ni njia ya kwenda, kutoka moyo mpaka kinga. Kuna njia ya kurudi. Kuna dawa inayoitwa interferoni, ambayo ni nakala ya kitu ambacho mwili wenyewe unatengeneza kupigana na virusi. Wagonjwa wa hepatitisi C na wa kansa fulani waliopewa dozi kubwa, wengi waliingia katika depresioni ya kweli, ile inayoitwa sonona kwa Kiswahili cha Tanzania. Kwenye utafiti wa 2001, wagonjwa 40 wa kansa ya ngozi waligawanywa vikundi viwili. Kati ya wale waliopewa kidonge kitupu, asilimia 45 walipata depresioni kubwa. Kati ya wale waliotangulizwa dawa ya depresioni, ni asilimia 11 tu. Hawakufiwa na mtu tena, hawakupoteza kazi mpya. Kilichoingia mwilini ni ujumbe wa kinga peke yake, na ujumbe ule ukageuka huzuni.

Namna inavyofanya kazi ni hivi, kwa kifupi. Ukiogopa, ubongo unatuma amri mpaka kwenye tezi za juu ya figo, zinatoa kortizoli. Kwa muda mfupi kortizoli inasaidia: inatoa nguvu, inatuliza moto wa kinga. Lakini stresi ikikaa miezi, seli za kinga zinakuwa kama watoto waliozoea kelele za mama: hazisikii tena. Moto unaanza kuwaka polepole. Seli zinatuma ujumbe, unafika kwenye ubongo kwa damu na kwa mishipa ya fahamu. Ubongo unaelewa: kuna vita, tuweke akiba. Unaamuru mtu alale, asile sana, ajitenge, asitamani kitu. Ukiwa na malaria kwa siku tatu, amri hiyo ni ya busara. Inakupumzisha mpaka upone. Ikikaa miezi sita, inafanana na depresioni kiasi kwamba ni vigumu kuzitofautisha.

Hapa nataka kuweka breki. Si kila huzuni ni moto wa kinga. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 60 wa depresioni sugu, ambao baadhi yao walipewa dawa kali ya kuzima moto huo. Kwa jumla dawa haikushinda kidonge kitupu. Ilionekana kusaidia wale tu ambao damu yao ilionyesha moto mkubwa tangu mwanzo. Depresioni ina milango mingi: damu ya ukoo, kufiwa, umaskini, pombe, mateso ya utotoni. Kinga ni mlango mmoja. Kwa hiyo yule muuzaji wa chupa za "kuongeza kinga" sokoni, anayesema zinaponyesha pia mawazo mingi, anauza maneno. Tena, kuchochea kinga iliyokwisha kuwaka ni kutia mafuta ya mawese kwenye moto.

Kizazi chetu kina sababu yake ya kulisikia jambo hili. Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Wengi wetu tulikuwa wadogo mno, au tumboni. Maobusi yalianguka kwenye mitaa kwa maelfu, mamia ya raia walikufa. Mwaka 2005 Korti ya Kimataifa ya Haki ilihukumu Uganda kwa matendo yake Kongo, na mwaka 2022 ikapanga fidia ya dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa madhara juu ya watu. Nyumba iliyobomoka inahesabika. Mkono uliokatika unahesabika. Lakini mama aliyekaa siku sita chini ya kitanda na watoto, na tangu hapo halali vizuri, anaugua kila mara, ananyamaza, yeye tunamwita tu mwenye mawazo mingi. Historia niliyoeleza inasema: mwili wake pia uliandika hesabu.

Kuhusu ugonjwa wa usingizi, kuna habari nzuri. Mwaka 1998 dunia ilihesabu karibu wagonjwa 40,000, wengi wao Kongo, kwa sababu vita na umaskini vilikuwa vimevunja timu za kupima. Kuanzia 2018 wamekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka. Aseniki haitumiki tena kwa ugonjwa wa kwetu huku. Mwishoni mwa 2018 ilikubaliwa fexinidazole, vidonge vya siku kumi vinavyomezwa pamoja na chakula, na majaribio yake makubwa yaliongozwa na Mkongomani, daktari Victor Kande. Lakini kadiri ugonjwa unavyokuwa haba, ndivyo unavyosahaulika. Mgonjwa mmoja kwenye kijiji chenye vijito anaweza kukaa mwaka mzima akiitwa mvivu au akiombewa, wakati matibabu ni bure.

Basi, wandugu, tufanye nini? Mwenzetu akigeuka, tuanze kama kwenye shamba: tuangalie kabla ya kuhukumu. Apelekwe kituo cha afya, apimwe malaria, kifua kikuu, VVU, na trypano kama anaishi kando ya vijito vyenye mbung'o. Vipimo vikiwa vizuri, hatujamaliza. Tumuulize analala namna gani, anakula nini, amefiwa na nani, deni gani linamfuata, tangu lini hana kazi. Akisema anatamani kufa, tusicheke, tusimhubirie, tusimwache peke yake. Tumfikishe siku ile ile kwa muuguzi au daktari. Sala iendelee kwa anayesali, lakini isichukue nafasi ya kipimo.

Na sisi kama chama cha wahitimu tuna dawa moja ambayo haiuzwi. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba mtu mwenye watu karibu naye anavumilia stresi vizuri kuliko aliye peke yake. Orodha ya promosheni yetu tunayo. Kuna majina humo ambayo hatujasikia tangu siku ya kolasio. Wiki hii kila mmoja achague jina moja, apige simu, na kama reseau haipo, apande pikipiki. Akimkuta mwenzake amelala saa sita mchana, akae kwenye kiti karibu na kitanda, amuulize kwanza kama ana homa.